Njia ya Kupitia Chwaka

Vijana wangu wa bandarini, marahaba. Shikamoo zenu zote zimenifika. Kila nikija Malindi, hapo bandarini, kunywa kahawa mnaniuliza lile lile: Mzee Makame, ulikuwa unawapitisha wapi wageni hata mwakani wakarudi kukutafuta? Nikianza kujibu, boti inafunga gati na nyinyi mnaniacha na kikombe mkononi. Kwa hiyo nimekaa kuandika, angalau mara moja nimalize ninachotaka kusema.

Miaka thelathini na kitu nilikuwa napokea watu wanaovuka kutoka Dar es Salaam na kuwazungusha Unguja kwa gari. Sasa macho hayanipi tena leseni. Nitakupeni njia yangu, na mambo machache niliyojifunza kwa kukosea. Na nitakwambieni kwa nini njia hiyo, mgeni atake asitake, ilikuwa lazima ipite Chwaka. Huko niliwahi kufika nimechelewa siku moja tu, na siku hiyo moja nimeitamani irudi umri wangu wote.

Bi Asha, mke wangu, anasoma kila ukurasa kabla haujatoka nyumbani. Amesema niandike kweli au nikalale. Basi nakuombeni mtulie.

Tuanze getini. Nyinyi mnajazana mlangoni na kupiga kelele, "Nungwi! Nungwi! Paje!" utadhani mnauza samaki. Ami Shaibu, ndugu yake baba, aliyenilea na kunifundisha usukani, asingekuruhusuni. Yeye alisimama nyuma, pale kivuli cha ukuta kinapoishia, akatazama miguu ya wanaoshuka. Alisema mtu anaweza kukuchekea huku tumbo linamchafuka, lakini kutembea sawasawa hawezi. Wakati wa upepo wa kusi, mkondo ule wa kati unarusha boti, na nusu ya watu wanashuka wakiitafuta ardhi kwa vidole. Mtu kama huyo usimtie garini. Mkalishe. Mpe ndimu, aikwaruze kwa kucha, ainuse, afumbe macho dakika kumi. Mimi nilikuwa na bakuli la bati, jeupe lenye ua jekundu, limejaa ndimu, linakaa chini ya kiti changu. Bi Asha alishawahi kutaka kulitilia chumvi nikakataa, akanitazama sana. Bakuli hilo liwekeni akilini, tutalirudia.

Siku ya kwanza nilipoachiwa gari peke yangu nilijiona bingwa. Nikamchukua bwana mmoja na mkewe moja kwa moja kutoka botini, nikakanyaga mafuta kuelekea Bububu niwaonyeshe ninavyokata kona. Kabla ya Mtoni yule bwana alitapika ndani ya kofia mpya ya ukili ambayo mkewe alikuwa hajaivaa hata mara moja. Niliporudi, Ami Shaibu alichukua ndoo akaosha gari pamoja nami bila kusema neno. Bora angenitukana.

Mtoni nako nilijifunza kufunga mdomo. Mgeni akisimama mbele ya magofu ya kasri na bahari ile nyuma yake, mwache atazame. Mimi ujanani sikuweza. Niliwaambia watu kwamba kasri lilikuwa na vyumba mia tatu na kila chumba kilikuwa na saa yake ya ukutani. Nilizua palepale. Mzungu mmoja mzee aliandika kila neno kwenye daftari. Tulipofika Bububu akaniuliza kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, "Na hizo saa, mwanangu, zilikuwa zikipiga pamoja?" Kumbe alikuwa mwalimu wa historia, kasomesha bara miaka ishirini. Tangu siku hiyo, Mtoni nasema, "Hapa ni Mtoni," nazima injini.

Njia yenyewe ni hii. Toka Malindi, shika Mtoni, Bububu, Mahonda, mpaka Kinyasini. Huku kote uko kwenye udongo: minazi, migomba, mikarafuu, mabonde ya mpunga ya kijani kibichi. Usikimbie. Fungua vioo, maana msimu wa karafuu zinaanikwa pembezoni mwa barabara, na harufu ile mgeni ataondoka nayo. Ukitoka Kinyasini kwenda Kiwengwa udongo unakwisha, unaingia uwandani, mawe na vichaka. Mgeni ataanza kusinzia. Mwache. Kisha bahari inatokea mbele yako yote kwa pamoja, na yeye anaamka mwenyewe. Kutoka hapo geuka kulia, fuata pwani, Pongwe, Uroa, Chwaka. Leo ni lami. Enzi zetu ilikuwa mawe yenye ncha, na nimebadilisha matairi pale Pongwe mpaka kuku wa kijiji wakanizoea. Kurudi mjini unapita Dunga na Mwera, jua liko mbele yako, na watu garini wamenyamaza kwa kushiba macho.

Lakini pwani ya mashariki bila kujua maji ni kazi bure. Maji yakikupwa kule, bahari inakwenda mbali hata ukajiuliza kama itarudi. Nyinyi mna simu, inakwambieni kila kitu kwa dakika. Sisi tulikuwa na mwezi. Mwezi kumi na tano, yaani siku yake ya kumi na tano, na siku unapoandama, ni bamvua: maji yanakupwa sana, na yanakauka saa nne hivi asubuhi. Kila siku inayofuata ongeza saa moja kasoro kidogo. Ukifika mwezi saba au nane, asubuhi maji yamejaa. Nilikuwa nahesabu mwezi nikioga, nikila, nikibadilisha gia. Ami Shaibu alikuwa akinishtukiza katikati ya maneno mengine, "Leo mwezi ngapi?" Nikikosea, siku hiyo nalala bila kugusa usukani.

Sasa Chwaka. Mgeni anataka mchanga mweupe wa kulalia. Chwaka si pa kulala, ni ghuba ya watu wenye kazi zao: samaki, kamba, na huko mbali maji yakikupwa, wanawake wameinama kwenye mashamba ya mwani, vijiti na kamba zimepangwa safu safu. Wenzangu walikuwa wakiipita mbio. Mimi nilikuwa nasimama.

Mara ya kwanza nilisimama kwa sababu ya mgeni. Alikuwa mama mmoja aliyetaka kupiga picha, akanituma nikaombe ruhusa. Nikakunja suruali nikaingia kwenye maji ya kifundo cha mguu mpaka kwa msichana aliyekuwa akifunga mwani peke yake mwisho wa safu. Nikatoa salamu, nikasema haja yangu. Hakuinua kichwa.

"Mwambie mgeni wako, akitaka picha ashike kamba kwanza."

Nikamwambia. Mgeni akashika kamba. Alifunga mwani saa nzima, mgongo ukamuuma, akacheka kama mtoto, na nadhani mpaka leo anasimulia. Mimi nami nilifunga, maana sikutaka kurudi kwenye gari. Msichana yule aliitwa Mize, binti ya Mzee Pandu. Kabla hatujaondoka aliinua kichwa akaniambia, "We kazi hii huijui, lakini hujavunja kitu." Nikaondoka nimekwisha.

Basi ikawa kila safari yangu inafika Chwaka maji yakiwa yamekupwa. Mgeni akitaka Nungwi, namwonyesha Nungwi, halafu namrudisha kupitia Chwaka. Akitaka msitu wa Jozani, namweleza kwamba kima wanaonekana vizuri zaidi mtu akishapita Chwaka. Mazungumzo yetu yalikuwa mafupi, mchana kweupe, wanawake wengine wakiwa hatua kumi wanatucheka. Ami Shaibu aliniuliza siku moja akifuta kioo, "Makame, mbona siku hizi wageni wote wanapenda mwani?" Nikasema sijui, labda ni dawa. Akasema, "Ni dawa. Hebu nambie ni binti wa nani."

Ami Shaibu alikuwa mtu wa namna hiyo. Hakuchelewesha jambo la heri. Katika mwezi wa Mlisho, kabla ya Ramadhani, alipeleka salamu kwa Mzee Pandu kwamba tuna maneno ya kuleta. Mzee Pandu akajibu tuje kuposa kumi na tano ya Mfunguo Mosi, yaani siku ya kumi na tano ya mwezi unaofuata Ramadhani. Mtauliza kwa nini hakutaja Alkhamisi au Jumaapili. Hakuweza. Mwezi ulikuwa haujaandama bado, nani angejua kumi na tano itaangukia siku gani? Ndivyo wazee walivyokuwa wakiwekana ahadi, na kwa kawaida watu walikutana.

Mnajua yanayotokea kwetu kila mwisho wa Ramadhani. Wengine wanafuata mwezi ulioonekana hapa, wengine wakisikia redioni kwamba umeonekana nchi za mbali, wanafungua. Mwaka ule ilikuwa hivyo. Ami Shaibu akangoja tangazo la hapa, na sisi nyumbani tukafunga siku ya thelathini. Wageni hawana Idi, kwa hiyo siku hiyo nilikuwa barabarani, mdomo mkavu, nawazungusha watu watatu wenye chupa za maji. Tukafika Chwaka. Nikaona watoto wa mtaa wa kina Mzee Pandu wana nguo mpya, wana miwani ya plastiki, wanapuliza vipuliza. Kwa Mzee Pandu Idi ilikuwa imeshaingia.

Mize akaja mpaka karibu na gari na mdogo wake, kavaa kanga mpya, mikono ina hina. Ana bakuli lililofunikwa.

"Makame, Idi mubarak. Mkono wako wa Idi huu, tambi. Kula."

"Mimi leo nimefunga," nikamwambia.

Tukacheka! Alicheka mpaka akaziba mdomo kwa kanga. "Haya, chukua, utakula magharibi. Bakuli utalirudisha."

"Ntalirudisha siku ile," nikasema. Naye alijua siku ipi. Kwetu mtu haoni vizuri kurudisha chombo cha watu kitupu, na mimi nilishajua nitatia nini: tende na halua, siku ya posa.

Nilikula tambi zile kwa adhana ya magharibi. Nililala nikiwa na furaha ambayo sijui kuiandika. Na katika furaha yote hiyo, mimi niliyekuwa nahesabu mwezi mchana kutwa kwa ajili ya maji, sikufikiri kitu ambacho mtoto wa chuo cha Kurani angekifikiri: kwamba ikiwa Idi yao imetangulia siku moja, kumi na tano yao nayo imetangulia siku moja.

Siku ya kumi na tano, yetu, niliwapakia wazee watatu. Ami Shaibu mbele, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Kwa ada, mwenye kuposa haendi kujiposea, anabaki nyumbani akitetemeka. Lakini gari ilikuwa moja na dereva ni mimi. Wazee wakajadiliana kutoka Mwera mpaka Dunga kama ni haramu, ni aibu, au ni sawa. Wakakata shauri kwamba nibaki na gari pwani, mbali na nyumba, na nijifanye simo. Nikawa dereva wa posa yangu mwenyewe. Niliendesha siku ile kwa ustadi ambao sikuwahi kuufikia tena, hakuna jiwe lililogusa tairi.

Tulifika saa nne. Maji yamekupwa, jua kali, ghuba yote iko wazi. Wazee wakaenda kwa miguu. Mimi nikafungua mlango nikasimama kando ya gari, ile nyeupe yenye keria ya mizigo juu, nikatazama mashamba ya mwani kwa mazoea. Na kule mwisho wa safu yake nikamwona Mize.

Nilishangaa. Siku ya kuposwa, msichana anafanya nini baharini? Alisimama wima akaitazama gari. Nina hakika aliiona. Mkono wangu ulitaka kuinuka, nikauzuia kwa ajili ya adabu, maana wazee walikuwa njiani. Kisha yeye akanigeuzia mgongo, akainama kwenye kamba zake. Hakugeuka tena.

Yaliyotokea nyumbani nilihadithiwa. Mzee Pandu alikuwa amekaa barazani. Hakusimama. Alisema, "Shaibu, jana ilikuwa kumi na tano. Nlialika majirani, wanangu wakapika, tukakaa mpaka alasiri chakula kinapoa. Leo ni kumi na sita. Mnataka nini?"

Hapo, wanangu, neno moja lingetosha. Ami Shaibu angesema samahani, tumekosea hesabu, mambo yangekwisha kwa kahawa. Lakini fikirieni. Kusema amekosea hesabu ilikuwa sawa na kusema Ramadhani yake ameihesabu vibaya, kwamba alifunga siku ya Idi. Akasema, "Kumi na tano ni leo." Mzee Pandu naye hakuweza kukubali, maana angekuwa amekiri kwamba alikula mchana wa Ramadhani pamoja na familia yake nzima. Basi wazee wawili wazima, wacha Mungu wote, wakabishana mwezi kibarazani nusu saa. Jina la Mize halikutajwa hata mara moja. Hata lile bakuli la tende na halua halikufunuliwa, likarudi nasi.

Tulirudi. Tulipopita Dunga Ami Shaibu alisema, "Kanambia saumu yangu haikuwa saumu." Nikasema, "Naam, Ami."

Nilijaribu. Wiki iliyofuata nilikwenda na wageni, safu yake ilikuwa na mtu mwengine. Wanawake wakaniambia amepelekwa Tanga kwa shangazi yake. Mwezi haujaisha nikasikia ameolewa huko. Nikaamini kwamba kunigeuzia mgongo kule baharini ndilo lilikuwa jibu lake, na sikulaumu mtu. Ami Shaibu, karibu na mwisho wa maisha yake, alinishika mkono akasema, "Mimi siku ile nilitaka kushinda tu, mwanangu. Nisamehe." Nilimsamehe kweli. Lakini sikumwambia kwamba kila boti inayofunga gati Malindi nilikuwa natazama kwanza nyuso, kabla ya miguu. Wageni walinisifu kwa kuwa makini. Nilikuwa natafuta mtu mmoja.

Nilioa, nikapata mke ambaye simstahili, na hilo sisemi kwa kuwa anasoma. Tulilea watoto wanne. Njia yangu iliendelea kupita Chwaka, mpaka bandarini mkanipa jina la Mzee wa Chwaka. Bakuli nikatia ndimu kwa sababu sikujua nilifanye nini.

Mwaka wangu wa mwisho kazini alinipigia simu binti mmoja kutoka Dar. Jina lake Rukia. Alikuwa anakuja na mama yake, wazunguke kisiwa siku moja, na boti ya saa kumi alasiri warudi. Mwezi ulikuwa kumi na saba. Nikahesabu: maji yatakauka saa sita. Nikamwambia njooni na boti ya kwanza.

Bahari ilikuwa mbaya asubuhi ile. Walishuka mwisho kabisa, mama anamshikilia binti mkono, buibui limemlowa rashasha. Nikatazama miguu. Ilikuwa inanyanyuliwa juu kidogo kuliko ardhi inavyotaka, kama ya mtu aliyezoea kutembea ndani ya maji. Niliijua kabla sijautazama uso.

Nikamkalisha kwenye benchi, nikatoa bakuli. Alichukua ndimu, akaikwaruza, akanusa, akafumba macho. Alipofumbua akaliangalia bakuli. Kisha akalinyanyua juu akatazama chini yake. Mnajua kila nyumba hutia alama kwenye vyombo, kwa kuwa huazimwa kwenye shughuli. Chini ya lile kulikuwa na doa la rangi ya kijani. Akaliweka chini taratibu. Rukia akauliza, "Babu, Chwaka unaijua lakini?" Nikajibu, "Kidogo."

Nilipita njia yote. Mtoni nikazima injini. Bububu, Mahonda, karafuu zimeanikwa, nikafungua vioo. Rukia anapiga picha, mama yake yuko kiti cha nyuma. Tulipokuwa tunaiacha Pongwe, nikasikia.

"Makame."

"Naam."

"Bakuli langu umelitia ndimu."

"Nlikosa cha kulitilia, Bi Mize."

Rukia akashusha simu yake. Hakuna aliyemweleza chochote.

"Siku ile nlikungoja," Mize akasema. "Nlipika mwenyewe. Mpaka alasiri. Mama ndo alokuja kunivua dhahabu, mimi mikono ilikuwa haina nguvu."

"Tulikuja."

"Hamkuja, Makame. N'takuwa nimesahau siku kama hiyo?"

"Tulikuja kesho yake. Kwetu ndo ilikuwa kumi na tano. Ami Shaibu na wazee wawili. Baba yako akawarudisha barazani."

Uroa ikaanza kuonekana. Niliogopa kutazama kwenye kioo.

"Baba hakuniambia," akasema. "Mpaka anazikwa hakuniambia. Kesho yake nlikuwa baharini. Nlikwenda ili wasinione nyumbani nnavolia. Nkaiona gari. Nyeupe, ina keria juu."

"Ndo ile."

"Na wewe umesimama mlangoni. Nkasema, huyu mtu hana haya. Jana kanikalisha na leo kaniletea wageni waje wanipige picha." Akageukia dirishani. "Nkakupa mgongo."

Nilisimamisha gari pembeni. Si kwa ajili yao, mimi ndiye niliyekuwa sioni barabara. Miaka yote nilidhani ule mgongo ni jibu la posa. Hakuwa hata na habari kwamba posa imekuja.

Rukia alishuka akaenda kusimama kwenye kivuli cha mnazi. Ni mtoto mwenye adabu. Sisi tulikaa hivyo hivyo, mimi mbele, yeye nyuma, kama dereva na abiria. Nilimuuliza habari zake. Mumewe alikuwa mtu mwema, amekwisha kufariki. Aliniuliza zangu. Nikamtajia Bi Asha na watoto. Akasema, "Msalimie sana." Nilimsalimia, jioni ile ile, na Bi Asha alijibu salamu, akanitilia chai, akakaa karibu yangu. Ndipo nikamhadithia yote. Bakuli halikurudi nyumbani. Lilivuka na boti ya saa kumi pamoja na ndimu zake, na Bi Mize ndiye aliyelipakata.

Kwa hiyo, wanangu, ramani mnayo, maji mnayo kwenye simu. Langu ni moja. Mtu wa huku akikupa tarehe, muulize kwa mwezi wa nani. Na ukikosea, sema umekosea, na la saumu liache kwa Mwenyewe. Kukosea siku moja kwa maji si kitu, unangoja garini saa moja, inapita.

Lakini nataka kuishia Chwaka, siyo bandarini. Tulifika saa sita, maji yamekauka kama nilivyohesabu. Mize alivua viatu, akapandisha buibui kidogo, akasema anakwenda kuona ilipokuwa safu yake. Rukia akataka kumshika mkono, akakataa. Alikwenda polepole, akinyanyua miguu vile vile, mbali sana, mpaka akawa mdogo kwenye ule mwanga. Nikafungua mlango wa gari nikasimama pale pale niliposimama siku ile. Alifika, akasimama, mgongo kwangu, akitazama chini. Nilikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, nimeushika mlango wa gari.

Akageuka. Akainua mkono.

Nami niliuinua wangu, na safari hii sikuuzuia. Tulikaa hivyo, sijui muda gani. Niliona maji yanaanza kurudi nyuma yake, mstari mwembamba unang'aa, na dereva ndani yangu akahesabu: saa nane, mwendo wake mpaka garini, Dunga, Mwera, bandarini, boti haingoji mtu. Nilihesabu mara mbili, nikiomba nimekosea. Sikuwa nimekosea. Nikapeleka mkono ndani ya gari, nikapiga honi, kumwita arudi nimpeleke botini.